Siku Papa Alipogeuka Kaka wa Mama

Yaya Gode, dada yangu mkubwa mpendwa,

Sina anwani yako. Dereva mmoja wa lori aliniambia alikuona Kakanda, mwingine akaapa kwamba ulivuka mpaka ukaolewa Zambia, na wa tatu akasema yeye hasemi kitu kabla hajanunuliwa bia. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Asome anayetaka, ampe mwenzake, huenda ikapita mikono mingi mpaka ikafika kwako. Wakiicheka, wacheke. Watu wa kambi yetu walishatucheka zamani, na tuliendelea kuchota maji bombani pamoja nao.

Nakuandikia kwa moyo uliokufa ganzi. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, ukisimama unaukanyagia chini na huusikii? Ndivyo nilivyo. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili usije ukasoma kurasa hizi, ukakosa machozi ndani yake, ukadhani nimekusahau.

Juma lililopita wakubwa wapya wa mji walipita na kipaza sauti pale sokoni Kikula. Bendera imebadilishwa, jina la nchi limebadilishwa, lakini sauti ilikuwa inakwaruza vilevile kama zamani. Walisema serikali inataka kuwaondoa wanawake huru mabarabarani na mabaa, na kwamba itawasaidia kuanza maisha mengine. Kila mwanamke aje ajiandikishe. Na aje na mwanaume wa ukoo wake, atakayesema mbele ya ofisa kwamba anampokea nyumbani. Nilikuwa nachagua nyanya. Nikaziweka chini zote. Mwanamke aliyekuwa anauza akaniuliza kama nina kizunguzungu, nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu.

Nilikukumbuka wewe, lakini si wewe wa Kikula. Nilimkumbuka yule wa kanisani. Kila mhubiri mgeni aliyekuja na Kifaransa chake kutoka Lubumbashi, alisimama wewe ukiwa ubavuni kwake, na Kifaransa kilipotoka kwake, Kiswahili kilitoka kwako kabla hajameza mate. Papa, baba yetu, alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na alipokuwa anasema "Amina" ilijulikana anaitikia sauti yako, si ya mhubiri. Unakumbuka yule mnene aliyesema lazima kila mmoja avuke Yordani yake? Wewe ukatafsiri, "Kila muntu avuke Lufira yake." Kanisa zima likapiga vigelegele. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndugu aliyezama mto Lufira akaanza kulia. Mhubiri akafurahi sana, akadhani ni upako wake.

Tulipofika nyumbani nilikuuliza kwa nini ulibadilisha. Ukasema, "Mado, Yordani haiko na muntu hapa anaiyua. Lufira, kila muntu iko na woga yake."

Basi Lufira yetu ikaja. Papa alikuwa fundi katika karakana za mgodi, na sisi kambini Panda tulikuwa watu wa posho: unga unapimwa, mafuta yanapimwa, samaki wa chumvi anatoka mwisho wa mwezi. Kisha posho ikapungua, ikachelewa, ikakoma. Mshahara ukafuata nyayo zake. Wanaume waliendelea kwenda kazini kila asubuhi, wakikaa juu ya mashine zilizonyamaza, wakirudi jioni na kunawa mikono isiyokuwa na grisi. Papa alinawa kwa sabuni mpaka sabuni ilipokwisha, halafu akanawa kwa majivu.

Wewe ulikuwa unauza nguo katika duka la mjini. Wanajeshi walipopora mji, duka lile likabaki kuta. Ukaanza kwenda Mwadingusha kuleta samaki, ukirudi juu ya malori pamoja na makaa na watu na mbuzi. Mwanzoni ulilipa nauli kwa samaki. Baadaye madereva hawakutaka samaki. Hukuniambia hivyo, na mimi sikukuuliza, lakini nilikuwa nimeshakuwa mwanamke na nilijua. Kisha ukaacha kuja kulala nyumbani, ukapanga chumba Kikula, nyuma ya baa yenye mlango wa kijani. Watu wakaanza kukuita ndumba, yaani malaya, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti ya kawaida tu, kama vile wanavyosema huyu ni fundi na yule ni mwalimu.

Hapo ndipo jina lilipoondolewa. Tangu uzaliwe, wazazi wetu walikuwa Papa Gode na Mama Gode, kama kila mzazi hapa anavyobeba jina la mtoto wake wa kwanza. Jumapili moja Papa aliwaambia wazee wenzake kwamba kuanzia siku ile aitwe Papa Mado. Wakakubali, wakamwombea. Mama alikuwa hageuki mtu akimwita Mama Mado. Ilichukua majuma mengi ajifunze kugeuka. Nami nilikuwa naona haya, kama mtu aliyevaa kikwembe cha mwenzake na mwenyewe yuko hai.

Lakini samaki wako waliendelea kuja. Kila Jumamosi nilifika Kikula, ukanisuka nywele juu ya kile kigoda kibovu, ukaniuliza habari za kanisa. Nani anatafsiri sasa? Nikakuambia ni Frère Dieudonné, na kwamba mhubiri akisema maneno kumi yeye anatoa matatu. Ulicheka mpaka kitana kikaanguka. Wakati wa kuondoka ulinipa fungu la samaki, na unga ukiwapo, ukasema, "Peleka kwa Mama. Usiseme imetoka wapi." Mama alipika. Papa aliketi mezani, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa muda mrefu kwa kuwalisha watumishi wake katika jangwa. Kisha akachukua kichwa cha samaki, akakinyonya mpaka mifupa ikang'aa.

Mimi sikuwa na hasira naye. Mwenye njaa hana miiko, na sisi wote tulikuwa mezani.

Serikali nayo ilikuwa inakujua vizuri, hasa ilipotaka kula. Kulikuwa na ile kadi ya zahanati. Kila Jumatano wanawake huru walipaswa kupimwa na kugongewa muhuri, na wake za watu walikuwa hawaendi zahanati Jumatano hata wakitetemeka kwa malaria, wasije wakaonekana kwenye benchi moja na ninyi. Kisha jioni polisi waliingia mabaa kuuliza kadi. Asiyekuwa na muhuri alilipa. Mwenye muhuri alilipa pia, kwa sababu muhuri haukusomeka. Ulikuwa unaigiza yule polisi mwenye miwani iliyovunjika, jinsi alivyoigeuza kadi yako juu chini akitafuta kosa. Tulicheka. Siku hizi najaribu kukumbuka kama kweli ilikuwa inachekesha.

Ndipo ikaja habari ya fwaye, ile nyumba ya serikali ya kufundishia wanawake kazi.

Ofisi ya zone, yaani ya tarafa, ilitangaza kwamba wanawake huru wanaotaka kuacha watafundishwa kushona. Kila mwezi watapewa gunia la unga na dumu la mafuta, na mwisho wa mafunzo watapata cherehani. Nilipofika Kikula Jumamosi ile, ulikuwa umeshakata kipande cha kitambaa na kujaribu kushona kwa mkono. Mshono ulikuwa umepinda kama barabara ya Kambove. Ukasema cherehani ikipatikana, nguo ya kwanza utamshonea Papa: suruali ya kanisa, kwa sababu ile ya zamani umeiona kwa mbali, imepauka magotini kwa ajili ya maombi.

Lakini ile sheria ya mwanaume ilikuwepo hata wakati ule. Ofisa alikuwa ameeleza kwamba mwanamke akikosa wa kumpokea atarudi palepale baa, na serikali itakuwa imepoteza unga wake bure. Nilikuuliza utafanyaje. Ukasema, "Benzangu banakodi kaka. Kuko baba fulani kule ku gare ya treni, anasimama kaka ya kila muntu. Na unajua banamulipa nini." Ukakata uzi kwa meno. "Miye siwezi kukodi. Miye niko na papa."

Ukaniomba nimwambie.

Nilimwambia siku ya Jumapili baada ya chakula, nikidhani tumbo lingenisaidia.

"Papa, yaya anakuomba uende naye ku zone. Ni kusema tu: huyu ni mutoto wangu, ninamupokea."

Papa alikuwa anafuta Biblia yake vumbi. Akaendelea kuifuta.

"Siko na mutoto wa vile."

"Ni maneno mbili, Papa. Atarudia ku nyumba. Atashona."

"Mado, nimesema. Bantu ba kanisa baniona nasimama mu mulango ya zone na ndumba, nitasema nini mbele yabo?"

Mama alikuwa anakwangua sufuria ya bukari, ule ugali wetu. Mwiko ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Mimi nikatoka nje. Nilikuletea jibu, nikalipunguza makali: nilisema Papa anafikiri. Ukasema ni vizuri, Papa akifikiri huwa anaomba, na akiomba huwa analainika.

Sasa nikueleze jambo ambalo huenda hukulielewa mpaka leo, yaani jinsi tulivyofika pale.

Habari ya gunia la unga haikubaki Kikula. Ilipanda mpaka kambini. Papa Ilunga, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule fundi mwenzake Papa mwenye maneno mengi, alikuja kuketi uani kwetu akiwa na mpango mzima kichwani.

"Papa Mado, sikia. Ba zone habatujue. Banaomba mwanamuke na kaka yake, ni ile tu. Weye uko na bibi. Bibi iko na weye. Unasema ni dada yako, unamupokea, anapata unga. Hapana zambi pale, ni kumupokea muntu anaiko tayari mu nyumba."

Nilidhani Papa angemfukuza. Alifungua Biblia yake, akapekua kurasa. Kisha akasema kwa sauti ya kusoma, "Abrahamu naye alisema Sara ni dada yake. Kulikuwa njaa mu inchi." Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Abrahamu alitusaidia.

Samaki wako walikuwa wamepungua wakati ule, unakumbuka, kwa sababu ya vizuizi vya wanajeshi kwenye njia ya Mwadingusha. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na mara moja ile ilikuwa sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Nakuambia tu hali ilivyokuwa.

Siku ya kujiandikisha uwanja wa zone ulijaa. Nilikuwa nimetangulia alfajiri kuwashikia nafasi, na kulipopambazuka nikaanza kuzitambua sura. Nusu ya mstari ilikuwa kambi yetu. Walikuwapo mama wa kwaya, mke wa shemasi, na mwalimu wangu wa darasa la nne. Kila mmoja alikuwa na mume wake pembeni aliyegeuka kaka. Walisalimiana kwa macho tu, kama watu waliokutana mahali ambapo hawapo. Wengine walikuja na nguo za Jumapili, lakini ofisa alipowatazama na kusema, "Bamama, hamufanane na bale natafuta," mkoba mmoja ukafunguliwa, na rangi ya mdomo ikapita kutoka mdomo hadi mdomo.

Mama alikuwa na rangi yake. Ilikuwa ile uliyoiacha kwenye kopo la vifungo. Alijipaka bila kioo, ikavuka mpaka wa midomo. Papa alitazama upande mwingine.

Mbele yetu walikuwa Papa Ilunga na mkewe. Ofisa akamuuliza mwanamke jina.

"Mama Ilunga."

"Na weye kaka, jina?"

Yeye aliyetunga mpango wote, mwanaume wa maneno mengi, akajibu kwa kifua mbele, "Papa Ilunga."

Ofisa akaweka kalamu chini. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Yeye mwenyewe kola yake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, na viatu vyake vilifungwa kwa kamba ya gunia. Akapumua. "Dada na kaka, na mutoto ni moja," akasema. "Ukoo ya nguvu. Pita." Watu wakacheka kwa kuziba midomo. Hata Papa alitabasamu. Nami nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kwamba nilicheka bila kujisikiliza.

Wakati tunacheka, ukaingia.

Ulikuwa peke yako. Hukupaka kitu usoni. Ulivaa kikwembe kirefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama mke wa pasta, na viatu vya kanisa ambavyo sikujua kama bado unavyo. Katika uwanja ule wote wewe ndiye uliyefanana na mke wa mtu. Ukasimama langoni ukitafuta mwisho wa mstari, macho yakapita juu ya watu, yakamfikia Papa.

Ulitabasamu, yaya. Uso wako wote ulifunguka. Ulipiga hatua kama mbili hivi kumwelekea, mkono umeshaanza kuinuka. Ulidhani ameomba, amelainika, amekuja.

Ndipo ukamwona Mama ubavuni kwake, na mdomo wake mwekundu, na gunia tupu alilolikunja chini ya kwapa. Na ofisa akasema, "Ya kufuata." Papa akasogea mezani. Alikuwa na ile sauti yake ya kanisani, haijui kunong'ona.

"Huyu ni dada yangu. Ninamupokea mu nyumba yangu."

Nilikuwa nakutazama wewe wakati anasema. Mkono wako uliokuwa umeinuka ulikwenda kichwani, ukarekebisha kitambaa. Kisha ukatafuta mwisho wa mstari, ukasimama pale.

Sisi tulikuwa tumemaliza, lakini unga ulikuwa unatolewa upande wa pili, na ilibidi tungoje. Kwa hiyo tulikuwapo zamu yako ilipofika. Papa alikuwa anatazama viatu vyake. Ofisa alikuuliza mwanaume wako yuko wapi.

"Hakukuya."

"Haiko hata moja? Papa, kaka, noko, hata nkambo?"

Ulirekebisha tena kitambaa cha kichwa.

"Mama, niko na roho muzuri leo. Unayua hata muntu moja hapa? Hata moja anakuyua, aseme tu."

Nilianza kwenda. Nilikuwa nimeshapiga hatua, lakini Mama alinishika kifundo cha mkono, na hakunishika kwa hasira, alinishika kama mtu anayeanguka. Papa angesema wewe ni binti yake, ofisa angemuuliza basi mama yako yuko wapi na huyu 'dada' ni nani, na unga ungekwisha pale, wetu na pengine wa kambi nzima. Wewe ulilijua hilo haraka kuliko sisi. Siku zote ulikuwa unamaliza sentensi kabla mhubiri hajaifikia. Ulitutazama, mmoja baada ya mwingine, ukatikisa kichwa kidogo kwa upande wangu.

"Hapana, shefu," ukasema. "Siyui muntu hapa."

"Basi rudia na mwanaume. Bila mwanaume haiwezekane, ni sheria."

"Asante, shefu."

Ukatoka kwa lango lile uliloingilia. Hukutembea haraka. Papa hakuinua kichwa mpaka tulipoitwa kwa gunia.

Tulikula bukari jioni ile, nzito, yenye mafuta juu ya sombe. Papa hakuomba. Alikata tonge akala, nasi tukala. Kilikuwa chakula kitamu. Nilingoja kikwame kooni, hakikukwama.

Jumamosi nilipofika Kikula nilimkuta msichana mwingine chumbani kwako, anafua. Alisema uliondoka na lori la Kakanda na kwamba hukuacha ujumbe. Nilikaa kwenye kigoda chako muda kidogo. Yule msichana aliendelea kufua kwa kunizunguka.

Mama alikwenda fwaye mpaka mwisho. Walimfundisha kutarizi vitambaa vya meza, katika mji ambao meza zilikuwa zinauzwa kwa ajili ya unga. Lakini cherehani alipewa, na alijifundisha mwenyewe kushona sare za shule. Cherehani hiyo ilitulisha kuliko mgodi. Wanawake wa kweli wa kazi ile, pale fwaye, walikuwa wachache, wale wenye kaka na wale waliokodi kaka. Wengine walibaki Kikula, na kwenye taarifa ya zone ikasomwa kwamba wengi wameokolewa. Ni kweli, waliokolewa. Ni sisi.

Mama alifariki masika yaliyopita, yaya, nisamehe kwa kukuambia katikati ya mstari hivi. Nimejaribu mahali pengine na sikupata. Ilikuwa homa. Alipokuwa bado anasema, alinyoosha kidole pembeni ya chumba akaniambia, "Ile mashini ni ya Gode. Usiiuzishe." Sijaiuza. Nashona nayo, naifuta, naifunika. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, lakini lako lipo, limefunikwa kwa kikwembe.

Sikulia msibani. Wanawake wa kwaya walilia kwa niaba yangu, wakanitazama kwa pembe ya jicho. Mmoja aliuliza kama nimesikia vizuri kwamba mama yangu amekufa.

Sasa nirudi kwenye kipaza sauti. Nilipotoka sokoni siku ile nilimsimulia Papa, nikiwa napanga vyombo tu, bila nia. Siku hizi masikio yake hayasikii vizuri, nikadhani hata hakunisikia. Kesho yake hakuwapo nyumbani. Papa Ilunga akaniambia amemwona anaelekea ofisini, amevaa koti.

Nilimkuta kwenye benchi, katikati ya wanawake na kaka zao. Ofisa ni kijana, mwenye viatu vizuri. Aliponiona akashukuru.

"Mama, huyu muzee ni wako? Tangu asubui anasema anapokea mutoto wake. Ninamuuliza mutoto iko wapi, anasema hayui. Ninamuandika namna gani?"

Nilimwambia aondoe lile neno la mwanaume. Nilimwambia polepole, bila kupandisha sauti, kwamba wanawake wenye mwanaume wa kuwapokea wengi wao hawangekuwa barabarani, na kwamba wakiwataka wale wengine, wawaulize kitu kingine. Wamuulize mwanamke anajua kazi gani, anakula wapi, anataka nini. Alinisikiliza. Alikuwa na adabu. Akasema ni maagizo kutoka juu.

Nikamchukua Papa. Tulitembea mpaka tulipovuka reli. Pale akasimama, nikadhani amechoka.

"Mado."

"Papa."

"Ile siku pa zone. Gode alicheka."

Miaka yote hii, yaya, nilijua kwamba alikuwa anatazama viatu vyake tangu ulipoingia, hakuona tabasamu lako. Niliapa kwa hilo moyoni. Lilikuwa ndilo jambo pekee nililokuwa namtetea nalo.

"Ndiyo, Papa. Alicheka."

Alikuwa ameshika koti kifuani kwa mikono miwili.

"Alizani nilikuya kwa ajili yake?"

Nilikuwa na uongo mzuri wa kumpa. Angeuchukua, angelala. Nilimtazama mzee huyu aliyedhoofika, nikatafuta ndani yangu kama namhurumia au namchukia, sikupata hata kimoja. Nikampa kile kilichokuwapo.

"Ndiyo, Papa. Alizani ulikuya kwa ajili yake."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Kisha tukaenda nyumbani. Hajasema kitu kingine tangu siku ile isipokuwa kuomba maji, na jana akaniuliza kama naweza kukuandikia. Nilimwambia sijui uliko. Akasema, "Andika tu."

Basi nimeandika. Kaa salama, yaya, iwe Kakanda, iwe ng'ambo, iwe mahali ambapo barua haifiki. Na kama unaweza kurudi, rudi. Njoo peke yako. Hatutakuuliza umekuja na nani.

Ni mimi, mdogo wako,
Mado